Kwa Mashua Hadi Takwa
Mkulima wa Yamumbi, karibu na Eldoret, amezoea kungoja mvua. Akifika Lamu humpasa kungoja maji. Mashua ya kukodi huelekea kisiwa cha Manda bahari ikijaa, ikapenya katika mkono mwembamba wenye mikoko pande zote mbili. Mwisho wake ndipo Takwa, mji wa mawe ulioachwa yapata mwisho wa karne ya 17, na wenyeji wake, yasemekana, wakahamia Shela. Mibuyu imeota magofuni. Nje ya ukuta wa mji liko kaburi la mnara, ambapo watu wa Shela huja kuomba mvua, jambo ambalo mgeni wa mashambani hulielewa pasipo kuelezwa. Lakini asikawie: maji yakitoka, mashua hukaa topeni, wala nahodha hana la kufanya.