Nyumba Juu ya Meza

Nyumbani kwetu chakula huliwa mkekani. Si kwamba hatuna meza. Meza tunayo, ya mvule, yenye miguu imara na nafasi ya watu sita. Lakini juu yake imesimama nyumba, na nyumba haiondolewi kila jioni ili sahani zipate kupita. Urefu wake ni karibu futi 4, na upana wake futi 2 na nusu. Ina daka, kiwanda, misana miwili na chumba cha ndani. Ina zidaka, birika na mlango wa kuchongwa. Wala hapana mtu awezaye kukaa humo ila awe na kimo cha inchi 5 na nusu. Mume wangu, ambaye ni mpole kuliko wanafunzi wake wanavyodhani, husema kwamba yeye ndiye mwalimu pekee katika kaunti nzima aliyefukuzwa mezani na nyumba.

Kazi ya kutengeneza vijumba vya wanasesere pamoja na vyombo vyake ndiyo maburudisho yangu tangu nalipokuwa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa hesabu alitutaka kila mmoja wetu atengeneze kifaa cha kufundishia kwa vitu visivyonunuliwa. Wenzangu walileta vizibo vya chupa na vijiti vya kuhesabia. Mimi nalileta duka zima la kadibodi, lenye rafu, mizani ya vizibo viwili na vigunia vya mchele vilivyoshonwa kwa kanga kuukuu. Nalipata alama za wastani. Mkufunzi alisema watoto wangelitazama duka, wasijifunze kujumlisha. Alisema kweli, kwani hata mimi nalilitazama usiku ule mpaka taa za bweni zikazimwa.

Binti yangu alipotimiza miaka mitano, shangazi yake alimpa mwanasesere, nami nikamjengea nyumba ya boksi la viatu. Akajaribu kumwingiza mlangoni. Kichwa kikapita, mabega yakakataa. Akaniuliza, "Mama, huyu amekua tangu asubuhi?" Hapo ndipo nalipojifunza sheria ya kwanza ya kazi hii, nayo ni kipimo. Mafundi wengi wa vijumba hufuata kipimo cha 12 kwa 1: kila futi ya kitu cha kweli huwa inchi moja ya kitu kidogo. Mlango wa futi 6 huwa wa inchi 6, na kiti cha futi 3 huwa cha inchi 3. Ukishika kipimo hicho bila kuhurumia kitu chochote, jicho hudanganyika likakubali. Ukikiacha mahali pamoja tu, hata katika kikombe, jicho huamka na nyumba yote hugeuka kuwa boksi.

Wako watu waliotumia mali nyingi kwa kazi hii. Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa Amsterdam, alianza mwaka 1686 kupamba kabati lenye vyumba vidogo, akaendelea kwa miaka mingi. Kabati hilo limo hata leo katika makumbusho ya Rijksmuseum, na gharama yake yasemekana ilitosha kununua nyumba ya kweli kando ya mfereji wa mji ule. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1921 na 1924, Malkia Mary alijengewa kijumba cha kipimo cha 12 kwa 1 kilichochorwa na Sir Edwin Lutyens. Kilitiwa taa za umeme na mabomba yenye maji, na maktaba ambayo watunzi wa wakati ule waliiandikia vitabu. Arthur Conan Doyle aliandika kisa cha Sherlock Holmes katika kitabu kinachofichika kiganjani. Navistaajabia vitu hivyo, lakini sivionei wivu. Mtu mwenye nyumba ya kweli akijenga kijumba, hicho ni pambo. Mimi nalijenga changu kwa sababu nyumba ya kweli ilikuwa imetutoka mikononi.

Nyumba hiyo iko Lamu, nasi tuliirithi kwa bibi yetu mzaa mama. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, na nyumba zake za mawe husifiwa na kila mgeni. Sifa hizo hazilipi fundi. Ukuta wa matumbawe hutaka chokaa, na paa hutaka boriti. Kwa hiyo wenyeji wengi wameuza nyumba zao kwa watu wa mbali wenye fedha za kuzitengeneza. Yetu iliuzwa mwaka 2018. Ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa humo, ndiye aliyeshughulikia mauzo. Mimi na dada yangu tulitia sahihi, tukapokea mafungu yetu, tukalia. Kisha sote tukaacha kuizungumza habari hiyo.

Kabla ya kukabidhi funguo, tulikwenda huko likizo ya Agosti, mimi, mume wangu na watoto wawili. Kutoka bara safari ni ndefu: basi hadi Mombasa, basi jingine kupita Malindi na Garsen hadi Mokowe, kisha mashua. Watoto walitaka kuogelea Shela. Mimi nalikuwa nimefunga mkobani utepe wa kupimia, daftari la miraba na penseli tatu. Kwa siku nne binti yangu alishika ncha moja ya utepe nami nikashika ya pili, na mdogo wake akaketi barazani akinung'unika kwamba bahari inakauka.

Vipimo vile vilinifundisha mambo niliyoyakanyaga utoto wangu wote nisiyajue. Kila chumba kilikuwa kirefu kama ushoroba, lakini upana wake haukuzidi futi 9. Mbona? Kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikandaa, na juu ya boriti hupangwa mawe na kumwagwa chokaa nzito. Boriti ikizidi urefu huo hulemewa na kupinda. Basi ni mti wa pwani uliopima chumba, wala si mwenye nyumba. Tena kila ukitoka kiwandani, ambacho ni ua wa katikati ulio wazi kwa mbingu, ukaingia msana wa kwanza, kisha wa pili, kisha ndani, sakafu hupanda kidogo, kama kwamba nyumba yakwambia upunguze sauti. Chooni mlikuwa na birika la maji, na ndani yake samaki wadogo waliowekwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Tulipokuwa watoto tuliwapa majina.

Tuliporudi bara nalianza ujenzi, na kwa muda wa likizo nne sikuwa na likizo. Kuta nalizijenga kwa tabaka za kadibodi, zikafikia unene wa inchi moja na nusu, kwani kuta za kweli zina futi moja na nusu. Juu yake nalipaka jasi na kuisugua kwa msasa mpaka ikang'aa kama chokaa ya zamani. Boriti zilinipa taabu. Vijiti vya mishikaki vilikuwa vyembamba mno, na vya mafagio vilikuwa vinene. Mwishowe nikamwomba dada yangu aniokotee pwani vitawi vikavu vya mikandaa vilivyotupwa na maji. Alinitumia mfuko mzima kwa basi, na kondakta, alipouona, aliuliza kama huko bara tumeishiwa kuni.

Zidaka ndizo zilizokula usiku wangu. Hizo ni safu za vishubaka vilivyochongwa katika ukuta wa ndani, mahali pa kuweka sahani na vyombo vya thamani. Bibi alikuwa na zidaka 21, safu 3 za 7. Nalimwaga jasi katika sinia, nikaingoja igande nusu, nikachonga kwa sindano ya kushonea magunia. Ubao wa kwanza ulipasuka. Wa pili nikauangusha. Wa tatu ulisimama, nami nikaamka alfajiri kuutazama kabla sijawaamsha watoto, jambo ambalo silitaji kwa fahari.

Maana lazima niseme na upande wa pili. Mikono yangu ilinuka gundi wakati wa kukanda unga. Kijana wangu alikatazwa kukimbia sebuleni, kisha akakatazwa kucheza mpira karibu na dirisha, kisha akauliza kwa adabu ni wapi anaporuhusiwa kuwa mtoto. Binti yangu, ambaye kwa ajili yake jambo lote lilikuwa limeanza, aliambiwa atazame kwa macho asiguse kwa mikono. Mwanasesere wake hakupata kulala usiku hata mmoja katika nyumba ile. Mume wangu hakunigombeza. Siku moja tu, akitandika mkeka, alisema, "Mama watoto, hawa wenye nyumba watahamia lini, ili nasi tujue saa ya kuwakaribisha chakula?" Nikacheka, naye hakucheka.

Januari moja ndugu yangu akaja kwetu. Alikuwa amemleta mwanawe kuanza masomo ya sekondari katika shule ya bweni iliyo karibu nasi. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, mjomba," wakamshika mkono, wakamvuta moja kwa moja mpaka mezani. Mimi nikabaki mlangoni nikifuta mikono iliyokwisha kukauka. Hakuwa ameambiwa habari za nyumba ile. Naungama kwamba nalitaka aione, tena nalitaka imchome kidogo.

Akainama. Akaizunguka meza nzima polepole. Akachungulia katika daka, akagusa mlango kwa ukucha, ukafunguka. Nikainua dari ili aone ndani, naye akazihesabu zidaka kimya kimya, midomo ikicheza. Alipoona samaki birikani, niliowakata kwa karatasi ya fedha ya sigara, akatabasamu. Kisha akarudi kwenye msana wa pili, akautazama kwa muda mrefu.

"Dada yangu," akasema, "nguzo iko wapi?"

Nikamwuliza nguzo gani.

"Nguzo. Boriti ya tatu kutoka mlangoni ilioza, nikaikingia nguzo. Ilisimama hapo miaka minne. Kila usiku nikilala naisikia ikilia."

Nalikuwa nimeipima nyumba ile siku nne, nikazunguka nguzo ile mara mia, hata nalitundika mkoba wangu juu yake. Katika daftari langu haikuandikwa. Wala haukuandikwa ufa uliotoka pembe ya dirisha hadi sakafuni, wala madoa ya mvua, wala beseni lililokaa chini ya tone. Nalikuwa nimejenga nyumba ya bibi kama alivyoiacha siku ya arusi yake, kisha nikamlaumu ndugu yangu moyoni kwa kuiuza nyumba hiyo, ambayo yeye hakupata kuimiliki hata siku moja.

Tena kuna jambo ambalo yeye hakulijua, nami nalilijua. Mwaka mmoja kabla ya mauzo alituletea barua, mimi na dada yangu, akiomba mchango wa boriti sita na fundi. Nalimjibu kwamba mshahara umekwisha. Ulikuwa umekwisha kweli. Lakini mwezi ule ule nalikuwa nimenunua seti ya visu vya kuchongea na kibano cha chuma, vilivyoagizwa ng'ambo.

Usiku huo sikupata usingizi. Nalikumbuka habari nilizosoma za mwanamke Mmarekani, Frances Glessner Lee, aliyejenga vyumba vidogo katika miaka ya 1940 kwa kipimo hicho hicho cha 12 kwa 1. Vyake havikuwa vya watoto. Alivijenga ili polisi wajifunze kuchunguza mahali palipotokea kifo, nao waliambiwa wavitazame mpaka waone kisa. Alifuma soksi za wanasesere kwa pini badala ya sindano za kufumia. Lakini ustadi huo huo aliutumia kutia madoa ukutani na uchafu sakafuni, kwa sababu doa liliachwa humo na mtu, na mtu huyo ndiye anayetafutwa. Vyumba 18 vya kazi yake vimehifadhiwa Baltimore. Nalipovisoma mara ya kwanza nalisikitika kwamba mikono mizuri vile ilitengeneza vitu vibaya vile.

Asubuhi nalimweleza ndugu yangu habari ya visu. Nalimweleza jikoni, uso wangu ukitazama chai. Alinyamaza, kisha akauliza vilikuwa bei gani, nikamtajia. Akasema kwamba fedha zile zingalinunua boriti mbili, wala zisingaliiokoa nyumba. Sijui kama alisema hivyo kunihurumia. Aliomba sukari, nikampa.

Baada ya chai alituita sote mezani. Nalileta kitawi cha mkandaa, nikataka kukikata inchi 11, kwani dari ya msana ilikuwa na futi 11. Akanizuia. "Fupi kidogo," akasema. "Ilikuwa fupi. Ndiyo maana nikaipigia kabari." Kijana wangu akatumwa kuleta kiberiti, nasi tukachonga kabari kwa njiti moja. Mkono wangu ulikuwa mnene mno kuingia msanani pasipo kugusa kuta, na wa ndugu yangu zaidi. Binti yangu akatazama mikono yetu, kisha akanitazama mimi.

"Ingiza," nikamwambia.

Akaingiza mkono wake wote katika nyumba, akaisimamisha nguzo chini ya boriti ya tatu, akaisukuma kabari kwa kidole gumba mpaka ikakaza. Ndugu yangu akairudisha dari mahali pake, akaibonyeza kwa kidole kimoja, akainamisha sikio.

"Haijalia bado," akasema mwanangu mdogo.

"Ngoja," akasema mjomba wake.