Kungoja katika JavaScript na Go: Suala la Istilahi

Anayesema "alipika akaimba" amepanga matendo mawili kwa kufuatana. Anayesema "alipika akiimba" ameyaweka pamoja. Mofimu moja imebadili uhusiano wa wakati. Lugha za kompyuta nazo hukabili tatizo hilohilo, ingawa waundaji wa istilahi huwa wepesi kulifunika kwa neno moja: "sambamba".

Neno hilo halitoshi. JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, kwa kawaida hutekeleza amri zake katika uzi mmoja tu. Programu inapoomba data kutoka mbali haisimami. Huendelea na kazi nyingine, na jibu likifika huwekwa kwenye foleni hadi zamu yake iwadie. Hakuna amri mbili za uzi huo zinazokwenda bega kwa bega. Tangu toleo la mwaka 2017, kungoja huko huweza kuonyeshwa kwa alama mbili: "async" kwenye fasili ya funksheni na "await" pale panapongojwa. Alama hizo huenea mithili ya upatanisho wa kisarufi, kwani funksheni yenye "await" ndani yake sharti nayo ivikwe "async", na inayoingoja vivyo hivyo. Mwanafunzi akisahau "await" hapati thamani bali ahadi ya thamani, na programu huweza kuendelea kimya. Kosa huja kuonekana mbali na lilipotendeka.

Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, haiitii funksheni alama yoyote. Mwitaji ndiye anayeamua, kwa kutanguliza neno "go", kwamba kazi iende kivyake, na mawasiliano huweza kupita katika mifereji, wazo linalotokana na makala ya C.A.R. Hoare ya mwaka 1978. Gorutini huweza kwenda sambamba hasa, kwenye vichakataji kadhaa, lakini si lazima. Sarufi hii ni nyepesi, ila ina gharama yake: funksheni kuu ikimalizika, programu nzima hufa pamoja na kazi ambazo hazijakamilika.

Kwa hiyo "utendaji usiongojana" ungefaa zaidi kwa dhana ya jumla, "sambamba" ikaachiwa vichakataji. Ni istilahi ndefu, lakini haimdanganyi mwanafunzi. Ama "ahadi" ya JavaScript, hiyo haina taabu: ikitimizwa hutoa thamani, ikivunjwa hutoa kosa.