Silinda ya Chini

Baba yangu alikuwa fundi wa ndege. Aliajiriwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, pale Embakasi, Nairobi, na katika ndege zote zilizopita mikononi mwake aliipenda zaidi Dakota, yaani DC-3, ingawa wakati huo ilikwisha kuwa bibi kizee miongoni mwa ndege. Ilikuwa imeruka mara ya kwanza mwezi Desemba 1935. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika na shirika nalo likafa, baba alirudi Tanga na sanduku moja la spana. Tangu hapo alitengeneza pampu za maji na magari ya watu. Sikumsikia akilalamika, lakini ndege ikipita juu aliacha alichokuwa akikifanya.

Mimi ufundi huo sikuurithi. Nilipostaafu ndipo nikaanza kuunda ndege ndogo za plastiki, zile zinazouzwa vipande vipande ndani ya boksi. Watu wazima huniuliza kama ni za wajukuu, nami nimechoka kujibu. Ya tatu kuiunda ilikuwa Dakota, ya kipimo cha moja kwa 72, mabawa yake kama sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha. Niliipaka rangi kwa uangalifu, nikampelekea mzee.

Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akachungulia mbele.

"Mwanangu," alisema, "ndege hii haina injini."

Alisema kweli. Kiwanda kilikuwa kimeweka kisahani chenye vinundu, mfano wa kitumbua kilichokaliwa. Injini ya Dakota, Twin Wasp ya Pratt & Whitney, ina silinda 14 zilizopangwa safu mbili, saba mbele na saba nyuma, na kila silinda ina plagi mbili. Mtu aliyewahi kubadilisha plagi 28 za injini moja huwezi kumdanganya kwa kitumbua.

Nikajifunza kwamba wako mafundi wadogo wadogo, wengi wao Ulaya, ambao kazi yao ni kurekebisha makosa ya namna hiyo. Huchonga kifaa kimoja kwa ustadi mkubwa, hukizungushia silikoni kupata kalibu, kisha humimina humo rezini, kimiminika cha sehemu mbili ambacho kikichanganywa huwa kigumu. Silikoni hunyumbuka, kwa hiyo hata mapezi membamba ya kupoza silinda hutoka bila kukatika. Bei ya injini mbili ilikaribia bei ya ndege nzima. Mke wangu aliuliza kama nimenunua ndege hiyohiyo mara mbili.

Zilipofika zilikuwa kama vifungo vya koti. Nilizisugua kwa maji ya sabuni, maana hutoka kalibuni na mafuta yanayokataa rangi. Gundi ya kawaida ya plastiki haisaidii kitu hapa. Yenyewe hushika kwa kuyeyusha plastiki, na rezini haiyeyuki, hivyo ni lazima supaglu. Vumbi lake nalo ni baya kwa mapafu. Nilipiga msasa uliolowa, na barakoa usoni.

Shida ilikuja kwenye kukata. Kila kipande huja kimeshikamana na kibonge, pale rezini ilipomiminwa, nacho huondolewa kwa msumeno mwembamba. Injini ya kwanza nilikwenda polepole ikatoka salama. Ya pili niliibana kwa koleo, kwa haraka ya mtu aliyekwisha kujiona fundi. Rezini haipindi. Ilisema *tak*, na kichwa cha silinda ya chini kabisa ya safu ya mbele kikaruka sakafuni.

Nilikitafuta kwa magoti muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikibandika, lakini kovu lilibaki. Kuagiza nyingine kulimaanisha kungoja wiki nyingi, na mzee alikuwa amepita miaka 80, macho yanafifia. Nikajiambia hataona. Nilichuna waya wa chaja ya simu iliyokufa, nikatumia nyuzi zake za shaba kuwa nyaya za plagi, mbili kwa kila silinda ya mbele. Zile za nyuma niliziacha. Nilipaka rangi nyeusi penye kovu, na mafuta mafuta kidogo, liwe kama uchafu.

Nilimpelekea kabla sijazifunika. Aliomba kioo cha kukuzia na tochi. Ya kwanza aliitazama kimya, kidole kikihesabu hewani, na nyaya nazo akazihesabu. Ya pili aliizungusha mpaka silinda ya chini ikawa chini, mahali pake. Akasita.

"Hii imepasuka."

Sikujibu.

"Ndege ikilala, oili huteremka ikajaa kwenye silinda za chini," alisema, sauti yake imebadilika, kama anafundisha kijana wa zamu. "Asubuhi kabla ya kuwasha unazungusha rafadha kwa mkono, panga moja baada ya jingine, unahesabu. Ukigoma kuzunguka, usilazimishe, fungua plagi za chini oili itoke. Ukiwasha hivihivi, unavunja." Aliniinulia injini kwenye mwanga. "Nani aliiwasha hii bila kuizungusha?"

"Mimi, baba."

"Ulikuwa na haraka."

"Ndiyo."

Aliiweka juu ya kitambaa, taratibu, akaniuliza iwapo ndani ya lile boksi mlikuwa na rafadha.