Hospitali Ilipoanza Kutoka Nje ya Geti

Nilipoajiriwa kuwa muuguzi mkunga katika hospitali moja ya wilaya, Kanda ya Ziwa, rufaa ilikuwa karatasi. Mganga wa zahanati aliandika barua, akaikunja na kumkabidhi mume au mama mkwe. Kuanzia hapo mgonjwa alikuwa mikononi mwa ndugu zake na barabara. Sisi wa hospitali tulijua kuna mzazi anakuja pale tu pikipiki ilipoingia getini. Gari la wagonjwa lilikuwepo, lakini swali la kwanza lilikuwa la mafuta, na mara nyingi ndugu ndio waliochangishana. Chuoni tulifundishwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Huo wa pili hakuna aliyeuhesabu kuwa kazi ya hospitali. Ulikuwa shauri la dereva.

Nimempokea mama mwenye kifafa cha mimba aliyeletwa amelazwa chali nyuma ya pikapu, degedege likimrudia njia nzima, ilhali zahanati aliyotoka ilikuwa na magnesiamu kabatini. Muuguzi wa kule aliogopa kumchoma bila kauli ya daktari, na daktari wa kumuuliza hakuwa naye. Sikumlaumu hata siku moja. Alikuwa peke yake usiku, na hakuna aliyewahi kumpa namba ya kupiga.

Mabadiliko yalianzia mbali nasi. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na chuo kikuu cha MUHAS kikaanza kuandaa madaktari bingwa wa fani hiyo. Miaka kadhaa baadaye matunda yake yalitufikia kupitia mafunzo ya huduma ya msingi ya dharura, yale ambayo Shirika la Afya Duniani liliyachapisha mwaka 2018. Tulijifunza kumtazama kila mgonjwa kwa mpangilio mmoja: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima.

Katika mafunzo hayo ndipo niliposikia habari za Pittsburgh, Marekani, na sijazisahau. Mwaka 1967 huduma iliyoitwa Freedom House iliwachukua vijana Weusi wa mtaa wa Hill, wengi wao wakiwa hawana kazi, na Dkt. Peter Safar akaandaa mafunzo yao ya kuokoa maisha barabarani. Baadaye Dkt. Nancy Caroline akawa mkurugenzi wao wa tiba. Alipanda nao magari na kuwaelekeza kwa redio. Huyo huyo, katika miaka ya 1980, alikuja Nairobi akafanya kazi na AMREF, shirika la madaktari wanaoruka. Nilichokishika ni hiki: mtu wa mtaani anaweza kufanya makubwa iwapo yupo daktari anayemfundisha, anayemjibu anapouliza, na anayekubali kubeba dhamana ya kilichofanyika.

Kwetu jambo hilo lilikuja kwa sura ya simu. Mfumo wa m-mama ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua uende nchi nzima. Namba ni 115, haina malipo. Chumba cha uratibu kiko ndani ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na wanaopokea simu ni watu wa afya. Nilihamishiwa huko, na kwa mara ya kwanza nikaona hospitali ikimhudumia mgonjwa ambaye bado yuko kilomita nyingi nje ya geti.

Simu inaweza kuingia usiku wa manane, mvua ikinyesha. Muuguzi wa zahanati anasema, "Dada, amejifungua salama ila damu haikati." Programu kwenye kompyuta inanipitisha kwenye maswali: presha, mapigo, kondo limetoka lote? Kwa mkono mmoja natafuta gari. Kama gari la wagonjwa liko mbali, nampigia dereva jamii, mwenye teksi au Noah yake kijijini, aliyekubaliwa na halmashauri na kusaini mkataba. "Kaka, kuna mzazi, uko tayari?" Naye anajibu, "Niko njiani, nesi." Hadai nauli kwa ndugu. Akishamkabidhi mgonjwa, malipo yake yanaingia kwenye simu.

Wakati gari linasogea, namuunganisha muuguzi na daktari wa zamu. Hapo ndipo moyo wa kazi ulipo. Daktari anamuuliza kama ameshachoma oksitosini, anamwambia aendelee kukanda mfuko wa uzazi, atoe mkojo kwa mpira, aweke dripu, na atoe gramu 1 ya asidi ya traneksamiki kama ipo, kwa kuwa dawa hiyo inatakiwa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Mama akiwa na kifafa cha mimba, kauli ni alazwe ubavu na achomwe magnesiamu. Mshipa usipopatikana, gramu 5 kila tako, kisha aondoke. Upande wa pili tunaamsha watu wa maabara na chumba cha upasuaji. Mama anapofika, damu inamsubiri.

Usidhani yote ni simu. Daktari anayeelekeza anarudi mchana kupitia safari zilizopita: gari lilichelewa wapi, dawa gani haikuwepo, kwa nini mgonjwa alipelekwa hospitali asiyopaswa kupelekwa. Anampigia muuguzi wa zahanati kumweleza mama aliendeleaje. Zamani hakuna aliyempa jibu. Alituma mgonjwa na kubaki akiwaza. Nimeona wauguzi waliokuwa wakitetemeka sasa wakipiga 115 wakiwa wameshaanza tiba, wakitaka tu kuthibitishiwa.

Vifo vya wajawazito nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, vikashuka hadi 104 katika ule wa 2022. Siwezi kuupa mfumo huu sifa ya takwimu hizo, kwani wakati huo ulikuwa haujaenea. Ila ninachokiona zamuni kinatosha kunifanya niutetee.

Kinachoniumiza ni wanaobaki nje. Mfumo ulijengwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja barabarani bado anabebwa na wasamaria, mguu unaning'inia. Mzee aliyepooza ghafla bado anategemea gari la jirani. Namba, madereva, chumba na uzoefu tunavyo tayari. Naziomba mamlaka zetu za afya zifungue mlango huo kwa dharura zote, na kwanza kabisa ziandike kazi ya daktari wa kuelekeza kwenye ratiba, awe na zamu yake na malipo yake, badala ya kuidokoa kati ya upasuaji mmoja na mwingine.