Picha ya baba niliyoipunguza

Mwaka jana tulikesha na binti yangu tukijaza maombi yake ya chuo kwa simu. Zilibaki saa tatu dirisha lifungwe. Kila tulipopandisha cheti cha kuzaliwa, mfumo ulikikataa: faili liwe JPG, lisizidi KB 500. Letu, lililoskaniwa steshenari, lilikuwa PNG la MB 9.

Mdogo wake wa kidato cha pili akaniomba simu. "Mama, cheti hakina tatizo. Tatizo ni aina ya faili."

Akanieleza kuwa PNG hutunza kila nukta bila kutupa kitu, ndiyo maana karatasi iliyoskaniwa au picha ya mtu huwa nzito. JPG hutupa vile vitu vidogo ambavyo jicho kwa kawaida halivioni. Akaligeuza, akapunguza na vipimo vyake, likashuka hadi KB 420. Tukakagua jina, namba na muhuri, vyote vikasomeka. Likapita, tukalala.

Ujuzi mpya ukanilevya. Simu yangu ilikuwa imejaa, kila siku inaniambia hakuna nafasi. Wiki iliyofuata nikageuza picha zote nzito kuwa JPG ndogo, kisha zile za asili nikazifuta. Kwenye kioo cha simu sikuona tofauti yoyote.

Mojawapo ilikuwa ya marehemu baba, amesimama mlangoni mwa duka lake. Ile ya karatasi iliharibiwa na mvua ya masika zamani, baada ya kuiskani. Tulibaki na hiyo ya kwenye simu tu.

Mwaka huu, tulipojiandaa kwa kisomo chake, kaka akataka ikuzwe itundikwe sebuleni. Kwenye kompyuta ya steshenari, uso wa baba ukawa viraka viraka. Macho hayakuonekana. Nikamwomba kijana airudishe kuwa PNG. Akafanya hivyo. Faili likawa kubwa tena, sura ikabaki ile ile.

"Pole, mama," akasema. "PNG inatunza kilichopo. Kilichokwisha kutupwa hairudishi."

Mzazi mwenzangu, kupunguza picha si kosa. Bila hivyo mwanangu angekosa nafasi ya kuomba chuo. Ila fanya hivi. Kwanza, tengeneza nakala, upunguze hiyo nakala. Ya asili usiiguse. Pili, kabla ya kufuta chochote kwenye simu, hamishia picha za asili kwenye flashi au kompyuta, uzifungue huko uhakikishe zipo. Tatu, ukishapunguza, ikuze picha kwa vidole viwili uangalie maandishi na nyuso. Nne, usiihariri JPG na kuihifadhi upya mara kwa mara, kwa sababu kila mara hupoteza kidogo. Rudi kwenye ile ya asili uanze upya. Na unapomtumia ndugu picha ya thamani kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa njiani.

Picha ya baba tuliitundika hivyo hivyo, imechapishwa ndogo kama kiganja, maana ikizidi hapo uso unapotea. Wageni hulazimika kusogea karibu ili wamwone.