Kulipa Ili Kununua

Nyumba ya mama yetu hapa Kambove ni ya zamani, nayo imo katika mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Mabati yake yameliwa na kutu, na kila mvua zinapoanza mama hutega masufuria chini ya matundu. Mwaka jana tulipatana na mdogo wetu akaaye Marekani kwamba yeye atatuma nusu ya bei ya mabati mapya, nasi tutatoa nusu ya pili. Septemba ilipofika, fedha alizotuma zilipungua dola 106.

Tulipomwuliza, alijibu kwa haya. Duka moja kubwa la intaneti lilikuwa limekata fedha hizo katika akaunti yake ya benki: dola 100 za ada ya uanachama wa mwaka, na dola 6 za kodi. Mwaka uliotangulia alikuwa amekubali kuandikishwa, akasahau kwamba ada hiyo hujirudia yenyewe mpaka mtu aikatae. Mama alipoelezwa mambo hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Yaani analipa mlangoni kabla ya kuingia dukani? Sokoni kwetu hakuna mtu alipaye ili aruhusiwe kununua.”

Wasomaji wapendwa, swali la mama si la kuchekwa. Wengi wetu tuna ndugu ng'ambo, na sisi wenyewe twanunua vitu kwa simu siku hizi. Yafaa tujue mambo haya yaendavyo.

Uanachama wa namna hiyo ulio mashuhuri kuliko wote ni ule wa kampuni ya Amazon, uitwao Prime. Ulianza mwaka 2005 kwa dola 79 kwa mwaka, na tangu 2022 ada yake huko Marekani ni dola 139. Mwanachama huletewa vitu vingi upesi mpaka mlangoni bila kulipia usafiri wa kila kifurushi, tena hupata filamu na mambo mengine. Asiyeweza kutoa fedha zote mara moja hulipa dola 14.99 kila mwezi. Lakini akijumlisha miezi 12 ataona ametoa dola 179.88. Hivi mwenye mfuko mwembamba hulipa karibu dola 41 kuliko mwenye mfuko mnene, kwa kitu kile kile.

Basi tulimwomba mdogo wetu atuandikie vitu vyote alivyonunua katika duka lake mwaka ule mzima. Akatuletea orodha ya vifurushi 40, na chini yake hesabu yake mwenyewe. Bila uanachama angelipa dola 5 za usafiri kwa kila kifurushi, yaani dola 200. Yeye ametoa 106. Kwa hiyo, alisema, amepata faida ya dola 94.

Sisi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu ile ilikuwa sahihi. Kosa halikuwa katika kutoa wala katika kujumlisha. Lilikuwa katika kuchagua vya kuhesabu. Tulimwomba atie alama penye kitu ambacho angekinunua hata kama usafiri ungelipiwa. Akatia alama 15 tu: nepi za mtoto, koti la baridi, viatu vya kazi na kadhalika. Tena 6 kati ya hivyo vilikuwa vya bei kubwa, na duka lile humpelekea bure hata asiye mwanachama akinunua vya kutosha kwa mara moja. Vikabaki 9, ambavyo usafiri wake ungekuwa dola 45. Basi alitoa 106 ili kuokoa 45, akapoteza 61. Na vile vifurushi 25 visivyo na alama? Vilimgharimu dola 300, na kodi dola 18 juu yake. Kwa sababu usafiri ulikuwa “bure”, mkono ulizoea kununua.

Hapa twataka kuwa waadilifu. Mdogo wetu hufanya kazi usiku, hana gari, na wakati wa theluji kufika dukani na mtoto mchanga si jambo dogo. Saa zake za kupumzika nazo zina thamani, ingawa haziandikwi katika stakabadhi. Ada si wizi. Lakini ada iliyokwisha kulipwa humsukuma mtu anunue zaidi ili asione hasara, na kumbe kwa kufanya hivyo hasara ndiyo inayozidi.

Tulimwuliza pia habari za kodi. Huko Marekani bei iliyoandikwa kwenye kitu kwa kawaida haina kodi ndani yake. Kodi ya mauzo huongezwa wakati wa kulipa, na kiwango chake hutofautiana jimbo kwa jimbo. Hata ada ya uanachama hutozwa kodi katika majimbo mengine, na katika mengine haitozwi. Kwa miaka mingi watu walipenda kununua kwa mbali kwa sababu mara nyingi kodi haikuonekana. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji kukusanya kodi yake ikiwa hana duka wala ghala humo. Tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota na kampuni ya Wayfair, mahakama hiyo hiyo iliigeuza hukumu ya kwanza. Tangu hapo unafuu ule ukapungua sana, na mwenye duka la mtaani kwa kawaida hashindani tena na mtu asiyetoza kodi.

Tulipokuwa tukijisifu kwa kumfundisha mdogo wetu, alituandikia neno fupi: “Yaya, na wewe je? Ile ada yako ya Likasi iliishia wapi?”

Tuliona haya. Ni kweli: mwanzoni mwa mwaka ule ule tulikuwa tumejiunga na mfanyabiashara mmoja wa Likasi, aagizaye bidhaa kutoka nje. Ada ilikuwa dola 25 kwa mwaka, na ahadi yake ni kwamba wanachama hawalipi usafiri. Tuliagiza taa ya jua na begi la shule la binti yetu, vyote kwa dola 60. Vilipofika tuliambiwa tuongeze dola 21 za forodha na TVA. Tulikasirika, tukatamka maneno ambayo hayamfai mwalimu. Lakini tulipoisoma tena ile karatasi tuliyotia sahihi, tuliona imesema “usafiri”; haikusema “kodi”. Sisi ndio hatukuuliza. Na kwa mwaka mzima hatukuagiza kitu kingine. Ada ya dola 25 ilitumika kwa mzigo mmoja tu.

TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ilianza kutozwa nchini Kongo tarehe 1 Januari 2012, kwa asilimia 16. Ilichukua nafasi ya kodi ya zamani iliyotozwa juu ya mauzo. Katika TVA kila mfanyabiashara aliyeandikishwa hukusanya kodi kwa anayemwuzia, hutoa ile aliyokwisha kulipa aliponunua, na tofauti huipeleka serikalini. Kwa hiyo kodi yenyewe humwangukia mnunuzi wa mwisho, yaani wewe na sisi. Kitu kikitoka nje, hesabu hufanywa forodhani, kwa mfano Kasumbalesa au uwanja wa ndege wa Luano. Na forodha haitazami bei ya dukani tu. Chukua kitu cha dola 100, chenye usafiri wa dola 20: thamani yake ni 120. Ushuru ukiwa asilimia 10, ongeza 12, ipatikane 132. TVA huhesabiwa juu ya hiyo 132, nayo ni dola 21.12. Jumla ni dola 153.12. Aliyedhani kwamba atalipa 16 tu juu ya 100 atashangaa, kama tulivyoshangaa sisi.

Hatusemi kodi ni adui. Barabara ya kwenda Likasi haijitengenezi yenyewe, na mshahara wa mwalimu nao watoka humo. Twasema tu kwamba bei isiyo na kodi ndani yake si bei bado.

Mambo haya si mageni kwetu kama yanavyoonekana. Wazee wa Kambove wakumbuka siku ambazo familia ya mfanyakazi wa mgodi ilipewa posho ya unga na kampuni, kwanza Union Minière, na baadaye Gécamines. Watoto walidhani unga ule ni wa bure. Babu yetu alikuwa akiwaambia: “Nimeulipia chini ya ardhi.” Unga ulikuwa sehemu ya ujira wake. Vivyo hivyo usafiri wa “bure” umelipiwa na mtu fulani mahali fulani, na mara nyingi mtu huyo ni wewe.

Upo uanachama wa namna nyingine. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu wapatao 28, baadhi yao wafumaji maskini, walichanga kila mmoja paundi moja, wakafungua duka lao la unga, siagi, sukari na mishumaa. Faida haikwenda kwa tajiri; iligawiwa kwa wanachama, kila mtu kwa kadiri ya alivyonunua. Mchango wao ulikuwa mtaji wao wenyewe, haukuwa kiingilio katika nyumba ya mtu mwingine. Nao mama zetu wenye likelemba waelewa jambo hilo bila kufundishwa: kile unachotia leo kitakurudia zamu yako itakapofika.

Basi, kabla hujalipa ada yoyote ili ununue, jiulize mambo matatu. Kwanza: katika mwaka uliopita ni vitu vingapi ambavyo ningenunua hata bila ada hii? Pili: ada na bei hizi, kodi imo ndani au itaongezwa? Tatu: ada itajirudia lini, na mlango wa kutokea uko wapi? Swali hili la tatu si dogo. Mwezi wa Juni 2023 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwamba iliandikisha watu katika Prime bila ridhaa iliyo wazi na kuwatatiza waliotaka kutoka. Mwezi wa Septemba 2025 shauri hilo liliisha kwa mapatano: kampuni, bila kukiri kosa, ilikubali kutoa dola bilioni 2.5, na bilioni 1.5 kati yake ni za kurudishiwa wateja.

Mdogo wetu ameufuta uanachama wa mwaka. Katika miezi miwili ya baridi kali hujiunga kwa mwezi, kwani kwake miezi hiyo yastahili ada. Miezi mingine hukusanya mahitaji yake na kuyaagiza kwa mara moja. Sisi hatukurudia ada ya Likasi. Na kwa mabati, jirani wanne wa mama walikuwa nao na mapaa yanayovuja. Nyumba tano tulikodi lori moja, tukanunua Likasi, tukagawana gharama ya usafiri sehemu tano, tukadai stakabadhi yenye TVA.

Mvua ya kwanza ilikuwa imetutangulia kwa siku nane, na godoro la mama lililowa. Ya pili ilimkuta amelala. Asubuhi tulimkuta akisugua masufuria yake, akayarudisha jikoni.