Jazi ya Sebuleni Engutoto

Aliyezoea kusikia jazi ikitajwa pamoja na New Orleans na Louis Armstrong, akiketi na wazee wa Engutoto, katika jiji la Arusha, atahitaji muda kidogo. Kwao jazi ni magitaa yanayosemezana, besi na tumba chini yake, pengine saksafoni, na maneno ya Kiswahili yaimbwayo taratibu hadi wapigaji waingie katika chemko. Jina hilo bendi za Tanganyika zilijitwalia zamani: Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na Western Jazz na Morogoro Jazz zikafuata baadaye. Muziki uliovuka bahari kwa wingi, kusema kweli, haukuwa jazi ya Marekani bali rumba ya Kuba, katika santuri zilizojulikana kwa herufi GV.

Arusha nayo ina fungu lake, ingawa dogo. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George, wana wa Tanga, walitoka Jamhuri Jazz, na mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikwishafika Nairobi, wakawa Simba Wanyika. Mji haukukaa nao hata miaka miwili, lakini wapenzi wa Arusha wangali wakiwaita wana wao. (Watu wa Tanga, bila shaka, wana la kusema.)

Waliifuata santuri. Nairobi ndiko kulikokuwa na kampuni na mitambo ya kuzitengeneza. Tanzania haikuwa na kiwanda cha namna hiyo. Bendi zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki redioni. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, nayo makao yake yalikuwa hapo hapo Arusha. Mpaka ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Namanga haiko mbali, lakini santuri ya Nairobi ikawa kitu cha kunong'onezana.

Mpenzi wa jazi akabaki na redio ya kaseti na subira. Alikaa kidole kikiwa juu ya kitufe, akimwomba mtangazaji asiseme neno kabla gitaa halijanyamaza. Mtangazaji alisema. Ndiyo maana kaseti nyingi za zama hizo zina salamu za wagonjwa katikati ya ubeti wa mwisho, na wako wasikilizaji ambao hawawezi tena kuusikia wimbo bila salamu hizo.

Katika nyumba moja ya Engutoto kuna sharti: santuri haiazimwi. Anayeitaka na aje, aketi, anywe chai, asikilize. Wanakuja watatu au wanne, na kila mmoja na wake wa kuutetea. Mmoja hasikii la mtu juu ya gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Mwingine hudai kwamba Msondo ya NUTA ilikuwa na waimbaji, wengine walikuwa na sauti tu. Hapo chai hupoa.

Kaseti ni habari nyingine, na juu yake wazee huwa wapole zaidi. Moja ilizaa kumi, kumi zikazaa mia, na mwimbaji hakupata hata nauli ya basi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilipopitishwa, Mbaraka alikuwa kaburini miaka ishirini, na Wilson Kinyonga alikwishafuata mwaka 1995. Lakini bila vidole vile juu ya vitufe, nyimbo ngapi zingesikika leo nje ya ghala la redio? Wenye kaseti wanalijua deni hilo, na hawana wa kumlipa.

Siku moja kijana wa jirani aliingia na simu yake.

"Shikamoo, babu. Naomba niurekodi huo."

"Marahaba. Rekodi. Lakini kwanza yaseme majina yao, kila aliyepiga na aliyeimba, ndipo niteremshe sindano."

Kijana akaisogeza simu mdomoni, akaanza kuyasoma kwenye kijaladi. Alipofika kwa mpiga besi akakosea jina. Mzee akainua sindano, akamwambia aanze upya.